Dakika Nne

Kila dakika nne, juu ya dari yangu,
mashine ilikohoa, ikanguruma, ikanyamaza.
Saa tano usiku. Saa sita.
Tampere yote imejifunika theluji hadi kidevuni,
na mimi, mkanda mikate wa zamu ya alfajiri,
nimelala chali, nahesabu.

Miaka sita yeye ghorofa ya nne, mimi ya tatu,
miaka sita ya kuitikiana kwa nyusi kwenye lifti.
Usiku ule nilivaa koti juu ya nguo ya kulalia
nikapanda ngazi kumi na saba,
maneno yangu nimeshayanoa.

Alifungua Oskari Lehtovaara, kucha za buluu.
Nyuma yake, juu ya meza, helmeti ya mlinda lango wa hoki
na nusu ya bundi: jicho moja, bawa lisilo na manyoya.
"Unapaka rangi saa hizi?"
"Sipaki. Tangu saa mbili sijaigusa bunduki ya rangi."
"Basi nani anaiamsha hiyo kompresa?"
Akainua mabega.

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa.
Mtungi ukipungua na hakuna anywaye,
humfokei mtungi.

Baba yangu alitengeneza baiskeli kule Kemi.
Alisema tairi haliulizwi, huzamishwa.
Nikaomba karai.
Tukauzamisha mpira wote, pingili kwa pingili, kama nyoka anayeogeshwa:
kimya. Mpira hauna kosa.
Basi sabuni ya vyombo, matone matatu, maji vuguvugu,
na brashi yake nyembamba, ile ya kuchorea kope.
Nikapaka kwenye geji. Kimya.
Kwenye kikombe cha kunasa unyevu. Kimya.
Kwenye shingo ya rekuleta
povu likaanza kujikusanya, jeupe, polepole,
kama mayai ya chura.

Akarukia spana.
"Usikaze!" Nilishangaa sauti yangu, ilikuwa ya baba.
"Kukaza si kuziba. Shaba ni laini, utaua nyuzi zake.
Kwanza toa hewa yote. Kisha fungua."

Ndani, utepe mweupe umejikunja vumbivumbi.
"Nani alizungusha huu?"
"Mimi."
"Ulizungusha kinyume. Kila ulipokaza nati,
wewe mwenyewe ulikuwa unaufungua."
Akacheka kidogo, puani, kama mtu aliyesomewa barua yake.

Nikamwelekezea mdomo wa nyuzi,
azungushe uendako mshale wa saa,
mara tatu, auvute unase,
na uzi wa kwanza auache uchi,
utepe usije ukakatika ukaziba koo la bunduki.
Mkono, halafu spana, robo tu.

Bado kiungo cha kuchomeka, kilichotoa povu moja moja, la aibu.
Akashika tena utepe.
"Hapo hapana. Hapo panataka pete yake."
Pete ilikuwa imepasuka kama kisigino mwezi wa Machi.
Akamwaga pakiti ya pete sakafuni, tukapiga magoti.
Ya kwanza kubwa. Ya pili kubwa. Ya tatu ikapotea chini ya kabati.
Ya nne ikakaa.

Tukawasha. Geji ikapanda hadi mbili, mashine ikajizima.
Tukakaa sakafuni tukiitazama sindano,
migongo kwenye radieta.
Dakika ya nne ikaja.
Ikapita.
Hakuna aliyesema kitu, hata bundi kwa jicho lake moja.

Nilirudi kitandani, na sikulala.
Mwili ulishazoea kungoja:
nne, nane, kumi na mbili,
dari imenyamaza mpaka masikio yakaniwasha.

Saa kumi kasorobo, nikitafuta viatu vya kazini,
nilikikuta chini ya mlango kipande cha karatasi:
*Saa tisa. Bado mbili.*
Na pembeni, dole gumba,
la buluu.